Mapitio ya Radicale: seva ya kalenda inapokuwa nzito, pa kutazama kwanza

Ofisi ya mawakili ninayoitunzia kompyuta hapa Dar es Salaam ina watu kumi na wanane, na kazi yao yote hufuata tarehe. Shauri hutajwa, hupangiwa siku ya kusikilizwa, huahirishwa, kisha hutajwa tena, na wakili atakayefika mahakamani Kisutu leo ilhali shauri lake liliitwa jana hana la kumweleza mteja. Tulipoacha shajara ya karatasi tuliziweka tarehe hizo zote kwenye Radicale, seva ndogo ya kalenda, na kwa miaka mitatu ilifanya kazi kwa utulivu kiasi kwamba wengi ofisini hawakujua hata jina lake.

Kisha malalamiko yakaanza. Asubuhi kalenda kwenye kompyuta za mapokezi ilibaki tupu kwa muda mrefu kabla tarehe hazijajitokeza, karani alipohifadhi tarehe mpya kidirisha kiliganda, na zaidi ya mara moja alinijia mezani akasema, "Kaka, nimeiandika tangu saa nne, na Wakili bado anasema haioni kwenye simu yake." Mapitio haya ni ya Radicale yenyewe, lakini nimeyaandika kwa kufuata njia niliyopita nikitafuta chanzo cha uzito huo, kwa sababu naamini tabia ya seva ya kalenda hujulikana vizuri zaidi siku inapolemewa kuliko siku inaposimikwa.

Radicale ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inatolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 3, na asili yake ni Ufaransa, katika kampuni ya Kozea. Inazungumza na simu na kompyuta kwa itifaki ya CalDAV, iliyotangazwa rasmi Machi 2007 katika waraka wa RFC 4791, na itifaki hiyo ndiyo inayoziwezesha simu za Android, iPhone na programu kama Thunderbird kutumia kalenda moja bila kujali zimetengenezwa na nani. Haina hifadhidata. Kila tukio ni faili moja la maandishi ndani ya folda ya kalenda yake, na faili hilo unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi na kulisoma kwa macho: mstari mmoja una kichwa cha shauri, mwingine una jina la mahakama, na mwingine umeandikwa DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20240312T090000, maana yake saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 12 Machi 2024 kwa saa za hapa. Kwa mtu anayebeba dhamana ya tarehe za watu wengine, uwezo wa kuliona tukio lilivyo kwenye diski bila kupitia programu yoyote ni faraja kubwa, na ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya niichague. Sababu ya pili ni kwamba inatosheka na mashine ndogo. Yetu inakaa kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana inayotumia kadi ya kumbukumbu badala ya diski, juu ya kabati la majalada.

Ofisini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengi walisema ni mtandao, kwa kuwa mtandao ndio hulaumiwa kwanza. Lakini seva na kompyuta za mapokezi zimeunganishwa kwa waya kwenye swichi moja, na hata intaneti ilipokatika kabisa kalenda iliendelea kuwa nzito vilevile, hivyo shitaka hilo lilianguka. Wengine walishauri kununua mashine kubwa, na fedha zikaanza kutengwa. Niliomba wiki moja kabla ya fedha hizo kutumika, nikaanza na jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu lalamiko la kwanza: kusoma logi, yaani kumbukumbu ambayo seva huiandika ya kila inachofanya.

Hapa Radicale inastahili sifa za dhati. Ukiweka kiwango cha logi kuwa cha taarifa za kawaida, kila ombi linaloingia huandikiwa mstari unaotaja aina ya ombi, kalenda iliyoguswa, jibu lililotolewa na muda uliotumika kwa sekunde hadi sehemu ya elfu. Huhitaji chombo kingine cha kupimia. Aina za maombi ndizo zinazobeba siri: PROPFIND ni simu inapouliza kuna nini hapa na kimebadilika nini, REPORT ni inapoomba matukio yenyewe, na PUT ni karani anapohifadhi tukio. Nilichukua logi ya siku moja ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, nikazitenganisha sekunde kwa aina ya ombi, na picha iliyojitokeza haikuwa ya seva moja iliyochoka, bali ya matatizo matatu yaliyokuwa yameketi mahali pamoja. Maombi yote, hata yale madogo kabisa yasiyogusa tukio lolote, yalikuwa na uzito unaofanana. REPORT zilikuwa na uzito wa ziada kwenye kalenda moja tu, ile kubwa ya mashauri. Na PUT zilikuwa nzito kuliko zote, tena zilipotokea zilizivuta na nyingine zilizokuwa jirani.

Uzito ulioenea kwenye kila ombi ndio ulionifundisha zaidi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Simu inapozungumza na seva kwa njia hii haiingii mara moja ikabaki ndani. Kila ombi huja na jina la mtumiaji na nenosiri upya, na seva hulihakiki upya. Tena mzunguko mmoja wa kusawazisha kalenda una maombi kadhaa: simu huuliza mimi ni nani kwako, kalenda zangu ziko wapi, nini kimebadilika, kisha ndipo huomba matukio. Nilipounda faili la manenosiri nilichagua bcrypt, njia ya kuyaficha manenosiri ndani ya faili, ambayo mwongozo unaitaja kuwa salama sana, na kweli ni salama. Lakini bcrypt, iliyobuniwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, ilitengenezwa makusudi iwe nzito ili mwizi aliyeiba faili asiweze kujaribu manenosiri mengi kwa haraka, na uzito huo hupangwa kwa namba ambayo kila ikipanda kwa moja kazi huongezeka maradufu. Programu ya htpasswd, inayounda faili hilo la manenosiri, usipoiambia lolote, hutumia 5. Mimi, kwa kutaka usalama zaidi, niliweka 12. Hizo ni hatua saba za kuzidisha mara mbili, yaani kazi mara 128 kwa kila uhakiki, kwenye kompyuta ndogo, kwa kila ombi, kwa kila simu.

Wakati tulipokuwa watu sita hakuna aliyelihisi jambo hilo. Tulipofika kumi na wanane, wengi wao wakiwa na simu na kompyuta, foleni ikajengeka. Dawa haikuwa kurudi kwenye MD5, njia ya zamani na dhaifu ya kuficha manenosiri, na nisingemshauri mtu yeyote anayetunza siri za wateja afanye hivyo. Matoleo ya karibuni ya Radicale yana mpangilio uitwao cache_logins ambao huifanya seva ikumbuke kwa muda mfupi kwamba nenosiri hili limeshahakikiwa, na muda wake wa kawaida kwa aliyefaulu kuingia ni sekunde 15. Muda huo ni mfupi kiusalama, lakini unatosha mzunguko mzima wa simu moja kupita kwa uhakiki mmoja. Niliuwasha mchana, watu wakiwa kazini, na maombi madogo yakashuka papo hapo hadi sehemu ndogo ya sekunde. Natamani sehemu ya mwongozo inayosifu bcrypt ingeeleza hapo hapo kwamba gharama yake hulipwa kwa kila ombi, kwa maana anayesoma kwa mara ya kwanza hudhani ni gharama ya kuingia tu.

Logi hiyohiyo ilionyesha jina la wakili mmoja likikataliwa tena na tena, usiku na mchana. Alikuwa amebadilisha nenosiri, akalirekebisha kwenye simu, akaisahau tableti iliyoko nyumbani kwake. Kwa kawaida Radicale humchelewesha anayekosea nenosiri kwa wastani wa sekunde moja, ili kumchosha anayebahatisha, na seva yake ya ndani hupokea miunganisho minane tu kwa wakati mmoja isipobadilishwa. Kwa hiyo kifaa kimoja kilichosahaulika kilikuwa kinashika mlango na kusimama pale bila sababu. Tuliirekebisha tableti kwa simu moja ya dakika tano.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi. Radicale hulinda mafaili yake kwa kufuli moja kwa hifadhi nzima. Wanaosoma wanaweza kuwa wengi kwa pamoja, kama watu wanaosoma tangazo ubaoni, lakini anapokuja anayeandika, wote wengine husubiri hadi amalize, wasomaji wakiwamo. Utaratibu huu ni wa kuaminika, na kwa faili moja dogo kusubiri huko hakuhisiwi. Tatizo ni kwamba programu inaruhusu amri yako mwenyewe iendeshwe baada ya kila badiliko, na amri hiyo huendeshwa kufuli likiwa bado limefungwa. Mwongozo unatoa mfano wa kutumia Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, ili kila badiliko libaki kwenye historia, nami niliupenda sana mfano huo, kwa kuwa mtu akifuta tarehe ya hukumu kwa bahati mbaya nataka kujua ni lini na ni nani. Mwanzoni Git ilimaliza kazi yake upesi. Baada ya miaka mitatu na maelfu ya mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu, ilikuwa inalazimika kukagua folda nzima kila karani alipobonyeza kuhifadhi, na ofisi yote ikasimama nyuma yake.

Niliiondoa amri hiyo kwenye Radicale nikaihamishia kwenye ratiba ya usiku, saa saba, ikitanguliwa na amri ya flock inayoshika faili la .Radicale.lock, ambalo ndilo kufuli la hifadhi, njia ambayo mwongozo wenyewe unaipendekeza kwa programu za nje. Gharama yake ni kwamba historia sasa ni ya siku badala ya kila badiliko, na hilo si dogo. Nililijadili na wakili kiongozi kabla ya kulifanya, naye alilikubali kwa maandishi. Nakala ya akiba iliyokuwa ikichukuliwa adhuhuri nayo niliihamishia usiku, kwa kuwa hata kufuli la kusoma tu huwazuia wanaotaka kuandika hadi kunakili kuishe.

Kwenye kusoma, nilichokikuta ni mrundikano wa kawaida wa ofisi. Kalenda ya mashauri ilikuwa na matukio zaidi ya elfu tisa, mengi ya kesi zilizokwisha. Radicale hutunza hifadhi ya muda katika folda iitwayo .Radicale.cache, ambamo kila tukio lililokwisha kuchambuliwa huwekwa pamoja na mwanzo na mwisho wake, ili lisichambuliwe upya kila mara. Hifadhi hiyo inasaidia sana, lakini haiondoi ulazima wa kupitia faili moja baada ya jingine pale kifaa kinapoomba matukio ya kipindi fulani, na hapo ndipo seva zenye hifadhidata huizidi. Ni vizuri pia kujua kwamba hifadhi hiyo inaweza kulazimika kujengwa upya baada ya kuhamia toleo jipya, kwa hiyo asubuhi moja nzito baada ya kusasisha si ugonjwa.

Nilifungua mafaili makubwa kuliko yote kwenye folda hiyo, nikakuta ndani yake si maneno bali kurasa na kurasa za herufi zisizosomeka. Mtu alikuwa akiambatisha hati ya madai iliyopigwa skani kwenye tukio lenyewe. Kanuni za iCalendar, muundo wa maandishi ya matukio haya, zinaruhusu kiambatisho kikae ndani ya tukio, kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi za base64, na mgeuzo huo huongeza ukubwa kwa theluthi moja. Kwa hiyo kila kifaa kilichoomba tukio hilo kilipewa hati nzima, hata kama mwenye kifaa alitaka kujua saa tu. Tulizihamishia hati hizo kwenye folda ya majalada, tukaacha namba ya jalada kwenye maelezo ya tukio. Kisha tukaunda kalenda ya pili kwa ajili ya mashauri yaliyofungwa, ambayo haiwekwi kwenye simu ya mtu yeyote bali huonekana kwenye kompyuta ya masijala pekee, na karani huhamisha matukio humo kila mwisho wa mwezi. Hatua hiyo peke yake ndiyo iliyoirudishia kalenda ya asubuhi wepesi wake. Vikao vinavyojirudia bila mwisho, kama kile cha kila Jumatatu, tuliviwekea mwisho wa Desemba; faida yake kwa kasi ni ndogo, lakini inamlazimu mtu kuvitazama upya kila mwaka.

Nirudi kwa karani na tarehe iliyoandikwa saa nne. Baada ya marekebisho yote hayo, tarehe ilihifadhiwa mara moja, na bado wakili hakuiona. Hapo nilitambua kwamba nusu ya tulichokiita uzito hakikuwa uzito. Kwa jinsi tulivyoifunga, seva haimpigii mtu hodi. Simu ndiyo inayokuja kuuliza. Programu ya DAVx⁵ tunayoitumia kwenye Android kwa kawaida huuliza kila baada ya saa nne, na seva ingekuwa na kasi ya umeme wakili angesubiri vilevile. Tuliweka nusu saa kwa mawakili na kuacha saa nne kwa wengine, tukiacha pia mpangilio wake wa kawaida wa kutochukua matukio yaliyopita zaidi ya siku 90, ambao kwa simu ni wa busara. Mtu mmoja alikuwa ameweka dakika kumi na tano kwa kalenda saba, na hilo nalo lilikuwa mzigo usio wa lazima. Kwenye Thunderbird nilihakikisha kila kalenda imewashiwa matumizi bila mtandao, ili kompyuta itunze nakala yake badala ya kuomba upya kila mtu anapogeuza mwezi. Na kwa tarehe ya kesho asubuhi, karani anapiga simu. Nimeliandika hilo kwenye utaratibu wa ofisi, kwa kuwa hakuna kalenda inayopaswa kubeba peke yake taarifa ya saa kumi na mbili zijazo.

Jambo moja zaidi la usawazishaji linafaa kujulikana. Kifaa huomba mabadiliko tu kwa kutumia alama iliyotolewa na seva mara ya mwisho, njia iliyowekwa na RFC 6578 ya mwaka 2012, na Radicale kwa kawaida huzitunza alama hizo kwa siku 30. Wakili anayerudi kutoka likizo ndefu, simu yake ikiwa ilizimwa muda wote huo, atakuta simu inalinganisha kila kitu upya. Mwacheni amalize, haitajirudia.

Je, ningeichagua tena? Kwa ofisi ya watu chini ya thelathini, ndiyo, bila kusita. Ningekuwa na watu mia na kalenda za pamoja nyingi, ningeitazama Baïkal, seva nyingine ya kalenda iliyojengwa juu ya maktaba ya sabre/dav kwa lugha ya PHP na inayotunza matukio kwenye hifadhidata ya SQLite au MySQL, kwa kuwa humo mwanzo na mwisho wa kila tukio ni safuwima za jedwali na hifadhidata huchuja kabla ya kusoma. DAViCal nayo hutumia hifadhidata ya PostgreSQL kwa faida ileile. Nextcloud inafaa anayehitaji pia mafaili na mikutano, lakini kuisimika kwa ajili ya kalenda tu ni kujitwika mzigo ambao mashine yetu ndogo isingeuweza. Seva ya kalenda ya Apple iliyokuwa huria siishauri kwa mradi mpya, kwa sababu uendelezaji wake ulisimamishwa.

Kuna mlango mmoja wa kasi ambao niliuona na kuuacha umefungwa. Kila tukio linapohifadhiwa, Radicale huhakikisha kwamba maandishi yameshuka kweli kwenye diski kabla ya kumjibu karani kuwa limehifadhiwa, na kwenye kadi ya kumbukumbu subira hiyo inapimika. Inawezekana kuizima. Lakini mtaani kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi, na sipo tayari karani aambiwe tarehe imehifadhiwa ilhali bado inaelea kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo Raspberry Pi ni ileile, juu ya kabati lilelile, na sehemu ya fedha zilizokuwa zimetengwa kwa mashine mpya ilinunua UPS, yaani betri ya akiba, inayoishikilia seva na swichi hadi jenereta la jengo liwake.